Uvimbe wa Kongosho Unapotoa Damu: Mwongozo Kamili wa Dharura, Upasuaji na Siku Zinazofuata

Mgonjwa mwenye uvimbe wa kongosho akianza kutapika damu, ndugu zake huuliza swali moja: mbona hawampeleki kupasuliwa? Wana haki ya kuuliza. Lakini kuzuia damu ni kazi moja na kutoa uvimbe ni kazi nyingine, na timu inayojua inachofanya hujitahidi kuzitenganisha. Damu isimamishwe leo kwa njia nyepesi kuliko zote zinazofaa. Uvimbe ungoje siku ambayo mgonjwa ana nguvu za kuhimili upasuaji mkubwa. Kisu cha usiku huja pale njia nyepesi zimeshindwa au hazipo.

Nimeandika kwa ajili ya ndugu anayesimama kando ya kitanda, ambaye huenda akaombwa kutia saini fomu kabla hajaelewa anachosaini. Mhudumu wa afya asiye bingwa wa upasuaji naye atapata cha kumfaa. Maamuzi yenyewe yanabaki kwa madaktari wanaomwona mgonjwa.

Damu inatokea wapi

Kongosho limelala nyuma ya mfuko wa chakula, limeegemea uti wa mgongo. Kichwa chake kimekumbatiwa na duodeni, kile kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, na mkia wake unafika kwenye wengu. Nyuma ya shingo yake hupita vena kubwa inayopeleka damu ya utumbo kwenye ini. Ukingoni mwa kichwa hushuka ateri inayolisha duodeni na kichwa chenyewe, na juu ya mgongo wake huenda ateri ya wengu. Kwa hiyo uvimbe ukikua hapo hauna mahali pa kupanuka bila kugusa mshipa.

Mara nyingi uvimbe wa kichwa, hasa saratani, hula ukuta wa duodeni na damu ikamwagikia utumboni. Mgonjwa hutapika damu, au hupata choo cheusi kinachonata kama lami na chenye harufu kali. Njia ya pili ni ya hila zaidi: damu hutoka kupitia mfereji wa kongosho wenyewe, kwa vipindi. Inatoka, inakoma siku kadhaa, inarudi, na endoskopi ya kawaida (kamera inayopitishwa mdomoni kutazama tumbo) ikipita inakuta pasafi. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuongezewa damu mara kwa mara kabla chanzo hakijajulikana.

Njia ya tatu haionekani kabisa kwa macho. Uvimbe hupasuka na damu kujaa ndani ya tumbo: maumivu ya ghafla, tumbo kujaa na kukaza, mgonjwa kuzimia, bila tone la damu mdomoni wala chooni. Kuna aina ya uvimbe wa kongosho ambayo hupata zaidi wanawake vijana, hukua polepole hadi kuwa mkubwa, na inaweza kupasuka baada ya pigo la tumbo. Habari njema ni kwamba wengi wa wagonjwa hao hupona kabisa uvimbe ukitolewa wote, kwa hiyo mtu asikate tamaa kwa kusikia tu maneno “uvimbe wa kongosho”.

Njia ya nne: uvimbe wa mwili au mkia huziba vena ya wengu, damu ikatafuta njia nyingine kupitia mishipa ya mfuko wa chakula, mishipa hiyo ikavimba na kupasuka. Hapo uvimbe wenyewe hautoi damu, na matibabu yake ni tofauti.

Jambo moja ambalo ndugu hulisahau kulitaja: kama mgonjwa aliwahi kutolewa figo kwa sababu ya saratani, hata kama ni zaidi ya miaka 10 iliyopita, daktari aambiwe. Saratani ya figo ina tabia ya kutokea tena kwenye kongosho baada ya miaka mingi, na uvimbe wake una mishipa mingi ya damu.

Wala si kila damu ya mgonjwa huyu hutoka kwenye uvimbe. Naye hupata vidonda vya tumbo kama mtu mwingine, hasa akimeza dawa kali za maumivu. Mrija uliowekwa kufungua njia ya nyongo nao unaweza kukwaruza ukuta. Ndiyo maana kutafuta chanzo huja kabla ya kukimbilia kisu.

Nyumbani na njiani

Mgonjwa akitapika damu au kupata choo cheusi, apelekwe hospitali sasa hivi, asingoje asubuhi. Na ukiwa na uwezo wa kuchagua, chagua yenye benki ya damu na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi saa 24. Hospitali ya karibu isiyo na damu inafaa kwa kumtuliza na kumpa rufaa haraka, si kwa kumlaza usiku kucha.

Mlaze chali, miguu ikiwa juu kidogo. Akitapika mgeuze ubavu ili damu isiingie kwenye mapafu. Asile wala asinywe chochote: maziwa hayazuii damu, na tumbo lililojaa hufanya endoskopi na nusu kaputi kuwa hatari zaidi. Asipewe aspirini, ibuprofeni wala daiklofenaki hata akilia kwa maumivu.

Beba dawa zake zote katika mfuko mmoja, hata za kienyeji. Zitakazotafutwa kwanza ni za kuyeyusha damu, kwa sababu nguvu yake inahitaji kuzimwa, na zile za presha zinazopunguza mapigo ya moyo, kwa sababu mgonjwa anayezimeza anaweza kupoteza damu nyingi huku mapigo yakionekana ya kawaida. Beba pia picha za CT (eksirei za kompyuta) za zamani na majibu ya vipimo. Choo kipige picha kwa simu. Daktari akikiona atajua kwa sekunde chache kama ni cheusi cha damu au kimetiwa weusi na vidonge vya madini ya chuma.

Saa ya kwanza hospitalini

Saa hii ina kelele nyingi na kwa ndugu huonekana kama fujo. Kuna mpangilio ndani yake.

Kwanza pumzi. Mgonjwa anayetapika damu nyingi na fahamu zake zinayumba huwekewa mrija wa kupumulia mapema, kabla damu haijaingia mapafuni. Kisha kanula (mirija ya kuingizia damu na dripu mshipani) mbili nene, geji 16 au nene zaidi, moja kila mkono. Kanula nyembamba ya kawaida haipitishi damu kwa kasi inayotakiwa. Ukiona mgonjwa anayezimia ana kanula moja ndogo, si utovu wa adabu kuuliza kama ya pili inakuja.

Damu huchukuliwa kwa ajili ya kundi na kulinganisha, hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu), chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda), uwezo wa kuganda, figo, ini na sukari. Hapa pana mtego. Hemoglobini ya kwanza inaweza kusoma 12 (gramu kwa desilita) hali mgonjwa amepoteza lita nzima, kwa sababu damu imetoka pamoja na maji yake na kilichobaki bado kina uzito uleule. Namba hushuka baadaye, mwili ukivuta maji au dripu zikiingia. Presha nayo hudanganya: mtu mzima mwenye mishipa mizuri anaweza kushikilia presha yake hadi apoteze karibu asilimia 30 ya damu. Kinachosema ukweli mapema ni mapigo ya moyo yanayopanda, mikono ya baridi, wasiwasi usioelezeka na mkojo unaopungua. Mgonjwa wa kilo 60 anatakiwa kutoa angalau mililita 30 za mkojo kwa saa, na ndiyo maana huwekewa katheta ya mkojo.

Kwa mgonjwa ambaye damu inatoka polepole na presha imetulia, hemoglobini ikishuka chini ya 7 ndipo huongezewa, juu kidogo kama ana ugonjwa wa moyo. Utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wagonjwa wa damu ya njia ya chakula walioongezewa kwa kipimo hicho waliishi zaidi ya wale walioongezewa mapema kwa kiwango cha 9. Kwa hiyo daktari anayesema “tungoje kidogo” huenda hajamtelekeza mgonjwa wako. Kwa anayemwaga damu, hakuna kungoja namba: hupewa damu, plazma (maji ya damu yenye vitu vya kugandisha) na chembe sahani kwa uwiano unaokaribia 1:1:1, na huongezewa kalsiamu, kwa kuwa kihifadhi kilichomo kwenye chupa za damu huikamata kalsiamu mwilini na bila kalsiamu damu haigandi. Hufunikwa pia apate joto. Mwili wa baridi hauzuii damu.

Mgonjwa mwenye macho ya manjano anahitaji jambo la ziada. Nyongo iliyozibwa haifiki utumboni, na bila nyongo vitamini K hainyonywi, basi ini linashindwa kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Hupewa vitamini K kwa mshipa, kwa kawaida miligramu 10, na kwa kuwa inachukua saa kadhaa kufanya kazi, plazma huziba pengo hilo. Ni jambo dogo linalosahaulika, na ndugu anaweza kulikumbusha bila aibu.

Dawa za kupunguza asidi hutolewa kwa mshipa. Ikishukiwa mishipa iliyovimba, huongezwa oktreotaidi, dawa inayopunguza damu inayofika kwenye mishipa hiyo, na antibayotiki. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia bonge la damu lisiyeyuke, inayosifiwa sana kwa damu ya ajali na ya uzazi, hapa haina nafasi hiyo: utafiti mkubwa wa HALT-IT wa mwaka 2020, wenye wagonjwa wapatao 12,000 wa damu ya njia ya chakula, haukuona ikipunguza vifo, na ulikuta mabonge ya damu kwenye vena yakiongezeka. Mgonjwa wa saratani ya kongosho tayari yuko karibu na hatari hiyo.

Kutafuta tundu

Mgonjwa akishatulia, endoskopi hufanywa ndani ya saa 24, mapema zaidi kama damu haikomi. Kwa uvimbe wa kongosho inafaa daktari awe na kamera inayotazama ubavuni pia, kwa kuwa kamera ya kawaida hutazama mbele na huweza kupita tundu la nyongo na kongosho bila kuliona vizuri. Akikuta kidonda cha kawaida anakitibu na mambo yameisha. Akikuta nyama ya uvimbe inayochuruzika, anaweza kuinyunyizia unga wa kuzuia damu au kuichoma juujuu. Unga huo husimamisha damu vizuri sana siku hiyo, ila uvimbe unaotoa damu hupenda kurudia. Uchukulie kama njia ya kununua muda, na muulize daktari muda huo utatumika kufanya nini.

CT ya mishipa ndiyo kipimo ninachokipa uzito kuliko vyote hapa. Huonyesha mshipa unaovuja ikiwa damu inatoka hata chini ya nusu mililita kwa dakika, huonyesha uvimbe umeshika mishipa gani, kama ini limeingiliwa, na kama kuna damu ndani ya tumbo. Picha moja inajibu maswali mawili kwa pamoja: tuzibe wapi leo, na je, uvimbe huu unatoleka siku nyingine? Upasuaji bila picha hiyo ni wa kulazimishwa na hali tu, kwa mgonjwa asiyeweza kufika kwenye mashine akiwa hai.

Kuziba bila kupasua

Pale penye daktari wa rediolojia anayefanya kazi ndani ya mishipa, hii ndiyo njia ya kwanza kwa damu ya ateri. Mrija mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa paja au wa kifundo cha mkono, mgonjwa akiwa macho na ganzi ya mahali pale tu, na kusogezwa chini ya eksirei hadi kwenye mshipa unaovuja. Kisha hupandikizwa koili ndogo za chuma, au gundi, au kifuniko cha ndani cha mshipa.

Ugumu wake ni kwamba kichwa cha kongosho hulishwa kutoka pande mbili: juu, kwa ateri inayotokana na shina la ini na wengu, na chini, kwa matawi ya ateri ya utumbo. Ukiziba upande mmoja, damu huzunguka na kuja kwa upande wa pili. Daktari makini huziba mbele na nyuma ya tundu, kisha hupiga picha pande zote mbili kabla ya kuchomoa mrija. Swali zuri la kumuuliza akitoka: “Mmepiga picha ya upande wa chini pia?”

Madhara yapo. Dawa ya rangi inayochomwa ili mishipa ionekane kwenye picha hulemea figo, duodeni inaweza kukosa damu, na kama ile vena kubwa inayopeleka damu kwenye ini imezibwa na uvimbe, kuziba ateri ya ini kunaweza kuliua ini. Hata hivyo, ukilinganisha na kufungua tumbo la mtu aliyepoteza nusu ya damu yake, hatari hizi ni ndogo.

Lini kisu hakikwepeki

Mgonjwa hupelekwa kupasuliwa ikiwa damu haikomi pamoja na kuongezewa na kuzibwa. Ikiwa huduma ya kuziba haipo na hawezi kusafirishwa. Ikiwa uvimbe umepasukia tumboni na presha haishikiki. Au ikiwa utumbo umetoboka. Kurudia kwa damu mara ya pili au ya tatu baada ya kuzibwa pia huhesabiwa.

Kuna jambo la historia linalosaidia kuelewa mantiki ya madaktari. Daktari wa upasuaji Walther Kausch alipotoa kichwa cha kongosho Berlin mwaka 1909 alifanya kwa awamu mbili, na Allen Whipple, ambaye upasuaji huo leo unaitwa kwa jina lake, alifanya hivyohivyo katika taarifa yake ya mwaka 1935: kwanza alifungua njia ya nyongo, akamwacha mgonjwa apate nafuu, kisha akarudi kutoa uvimbe. Wagonjwa wenye manjano walikuwa wakitoka damu bila kikomo. Vitamini K ilipopatikana ndipo kazi yote ilipowezekana kwa mkupuo mmoja, mwaka 1940. Kwa hiyo daktari anayekwambia atazuia damu usiku huu na kurudi baada ya siku mbili hajabuni ukwepaji.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Tumbo hufunguliwa katikati, kutoka chini ya kifua hadi chini ya kitovu. Damu ikiwa imejaa, vitambaa hupachikwa kila pembe ili kukandamiza, na ikibidi aota, ateri kuu ya mwili, hubanwa juu, pale inapopita kwenye kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, ili daktari wa usingizi apate dakika za kuongeza damu. Dakika hizo zina thamani. Daktari wa upasuaji anayeonekana kusimama bila kufanya kitu, mikono juu ya vitambaa, anafanya kazi.

Kisha duodeni na kichwa cha kongosho huinuliwa kutoka nyuma, hatua yenye jina la Theodor Kocher wa Uswisi, ili kichwa chote kiweze kushikwa kati ya vidole na kidole gumba. Damu ikitoka kwenye duodeni, duodeni hupasuliwa kwa urefu na mshipa unaovuja hushonwa kutoka ndani. Uvimbe laini haushiki uzi vizuri, nyama huchanika. Hapo hufungwa ateri yenyewe inayolisha kichwa, pale inapochipukia.

Kabla ya kufunga uzi huo kuna kitendo kidogo ambacho huamua mengi. Daktari huibana ateri hiyo kwa vidole na kwa mkono mwingine hugusa ateri inayokwenda ini. Ikiendelea kupiga, anafunga. Ikinyamaza, maana yake shina la juu limebanwa na ini linaishi kwa damu inayopanda kutoka chini kupitia mshipa uleule anaotaka kuukata. Kuufunga hapo ni kulinyima ini damu, kwa hiyo hutafuta njia nyingine.

Uvimbe wa mwili au mkia ni rahisi zaidi kwa kulinganisha. Nusu ya kushoto ya kongosho hukatwa pamoja na wengu, hakuna utumbo wa kuunganishwa, na hata usiku wa dharura mara nyingi inawezekana kumaliza kazi yote. Hii ndiyo hali ambayo kuzuia damu na kutoa uvimbe huweza kufanyika pamoja bila kumwonea mgonjwa.

Kichwa ni habari nyingine. Upasuaji wa Whipple huondoa kichwa cha kongosho, duodeni, mfuko wa nyongo, sehemu ya chini ya njia ya nyongo, na wakati mwingine kipande cha mfuko wa chakula. Kisha utumbo huunganishwa mahali patatu: na kongosho, na njia ya nyongo, na mfuko wa chakula. Kwa mgonjwa aliyepangiwa, kwenye kituo kinachofanya wengi, huchukua saa nyingi na vifo huwa chini ya 5 kwa kila wagonjwa 100. Kwa dharura ya damu hatari hiyo hupanda mara kadhaa. Mwili ni wa baridi, utumbo umevimba kwa maji ya dripu, presha inashikiliwa na dawa, na kiungo cha kongosho, yaani pale linapounganishwa na utumbo, ambacho hata siku njema ndicho kinachovuja kuliko vyote, hushonwa kwenye nyama isiyopata damu ya kutosha.

Kwa sababu hiyo, ikiwa kichwa lazima kitolewe usiku ule, timu nyingi huishia kwenye kutoa na kuzuia damu tu. Ncha za utumbo hufungwa, nyongo na maji ya kongosho huelekezwa nje kwa mipira (mirija ya kutolea maji), tumbo hufunikwa kwa muda bila kushonwa kabisa, na mgonjwa hurudishwa chumba cha wagonjwa mahututi akapate joto na damu yake igande. Baada ya saa 24 hadi 48 hurudi kwa ajili ya kuunganisha. Ndugu wakikuta tumbo halijafungwa hushtuka na kudhani kazi imeharibika. Ulizeni kwanza kama ndivyo ilivyopangwa.

Kutoa kongosho lote huondoa hofu ya kiungo kuvuja, lakini mgonjwa huamka na kisukari cha kudumu kinachotaka insulini siku zote za maisha yake. Hufanywa pale tu ambapo hakuna kingine.

Kabla ya kutia saini

Hata saa nane za usiku kuna dakika tano za kuuliza. Maswali ninayoyaona ya maana ni haya:

- Damu inatoka kwenye mshipa gani, na mmejuaje?
- Kuziba kwa mrija kumejaribiwa? Kama hapana, ni kwa sababu haifai au haipo hapa?
- Lengo la leo ni kuzuia damu tu, au kutoa uvimbe?
- Uvimbe umeenea kwenye ini au kwingine?
- Akiamka atakuwa na mipira gani, na kuna uwezekano wa kurudishwa chumba cha upasuaji?

Daktari akijibu la tatu kwa uwazi, mengine hufuata. Asiyeweza kulijibu bado hajapanga. Na kama mgonjwa ana fahamu, maswali haya ni yake kabla hayajawa ya ndugu. Naona mara nyingi kikao cha ukoo hufanyika kwenye korido huku mwenye tumbo akiwa macho, na hakuna aliyemwuliza anataka nini.

Pale upasuaji usipofaa

Saratani ikiwa imesambaa, kupasua kunaweza kumwondolea mgonjwa hata zile wiki chache alizobaki nazo. Damu inayochuruzika polepole hutibiwa kwa mionzi, mara nyingine dozi moja tu au tano kwa wiki moja, na huongezewa damu kadiri inavyomfaa. Kuna uwezekano pia wa damu nyingi ya ghafla isiyozuilika. Timu ya huduma shufaa, inayomtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, huandaa mapema dawa ya kumtuliza haraka kwa sindano, na huweka taulo za rangi nyeusi au kijani iliyokolea karibu na kitanda, kwa kuwa damu juu ya shuka nyeupe humtisha mgonjwa na watoto wake kuliko kiasi chake halisi. Ombeni maandalizi hayo mapema, mkiwa bado mmetulia.

Siku za hatari baada ya upasuaji

Ndani ya saa 24 za mwanzo damu ikirudi mara nyingi ni uzi uliolegea au mshipa uliosahaulika, na dawa yake ni kurudi mezani. Hatari inayonitia hofu zaidi huja baadaye, siku ambayo kila mtu ameanza kupumua.

Maji ya kongosho humeng'enya nyama. Kiungo kikivuja, maji hayo hulowesha kisiki cha ateri iliyofungwa hadi ukuta wake unatoka kiputo. Siku ya saba, ya kumi, hata wiki ya tatu, mgonjwa anakula uji na kutembea kidogo, na asubuhi moja mpira wa kutolea maji una damu nyekundu mbichi, labda vijiko viwili. Baada ya nusu saa imekoma na maji yamerudi rangi yake. Muuguzi wa zamu anaandika, anamwaga, siku inaendelea. Hiyo ni damu ya onyo. Kiputo kimefunguka kidogo na kuziba, na kinaweza kupasuka kabisa ndani ya saa chache. Damu yoyote mbichi kwenye mpira, matapishi au choo baada ya siku ya kwanza, hata kidogo, hata ikiwa imekoma, inataka CT ya mishipa siku ileile na mtu wa kuziba kwa mrija aarifiwe. Ukiwa ndugu, usikubali kuambiwa “imeacha yenyewe” bila picha.

Maji ya mpira yafuatiliwe kila siku. Wekundu hafifu unaofifia kuwa manjano mepesi ni dalili njema. Rangi ya kijivu, kahawia yenye ukungu, au kijani cha nyongo iripotiwe. Siku ya tatu maji hupimwa amilesi, kimeng'enya cha kongosho. Ikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida kwenye damu, kongosho linavuja, na mpira hauchomolewi. Homa na mapigo ya moyo yanayopanda bila sababu vichukuliwe kuwa usaha hadi ithibitike vinginevyo. Tumbo kugoma kupitisha chakula kwa wiki moja au mbili ni kawaida baada ya Whipple na huisha. Kinachotakiwa ni mrija wa puani na subira.

Sindano za kuzuia damu kuganda miguuni huanza mara tu timu inaporidhika kwamba hakuna kinachovuja. Huonekana kama kichekesho kwa mtu aliyetoka kumwaga damu, lakini mabonge ya damu mapafuni huua wagonjwa wa saratani ya kongosho, na kukaa kitandani huongeza hatari.

Kurudi nyumbani

Kongosho lililopungua halitoi vimeng'enya vya kutosha. Choo cha mafuta, kinachoelea, chenye harufu mbaya na kupungua uzito ndizo dalili. Vidonge vya vimeng'enya humezwa pamoja na chakula, si nusu saa kabla wala baada, na dozi ya kuanzia kwa mlo kamili huwa uniti 40,000 hadi 50,000 za lipesi (kimeng'enya cha mafuta), nusu yake kwa kitafunwa. Visipofanya kazi, mara nyingi dozi ni ndogo au vinamezwa wakati usiofaa. Sukari ipimwe mara kwa mara hata kwa asiyekuwa na kisukari zamani.

Aliyetolewa wengu apate chanjo za nimonia, homa ya uti wa mgongo na bakteria Haemophilus influenzae, kwa kawaida kuanzia siku ya 14 baada ya upasuaji wa dharura. Homa ikifika nyuzi 38, ni hospitali siku hiyohiyo: bakteria ambao wengu ungewadhibiti wanaweza kumuua kwa siku moja. Malaria nayo humpiga vibaya zaidi.

Majibu ya maabara ya uvimbe yadaiwe. Ndiyo huamua kama inafuata dawa ya saratani, ambayo kwa kawaida huanza ndani ya wiki 12 baada ya upasuaji, mgonjwa akiwa amepata nguvu. Na kama damu ilizuiwa tu bila uvimbe kutolewa, ndiyo huamua uvimbe utatolewa lini na wapi. Na aliyekuwa akimeza dawa za kuyeyusha damu kwa ajili ya moyo au mabonge asiondoke wodini kabla ya kuandikiwa kwenye kadi: zianze tarehe gani, kwa dozi gani, na nani atamwona wiki ile zinapoanza.